Mgonjwa wa Tatu Nyumbani: Mafunzo Niliyopata Nikilea Mapacha kwa Moyo Mgonjwa

Wanangu wawili walizaliwa Tanga kabla ya wakati wao, kila mmoja chini ya kilo mbili. Baba yao ni Msukuma wa Shinyanga, kwa hiyo majina hayakujadiliwa: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Arobaini haijatimia, mimi nikaanza kuugua. Misuli ya moyo wangu ilikuwa imelegea na haikuweza tena kusukuma damu inavyotakiwa. Ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano hivi baada ya kujifungua. Hatari huongezeka kwa waliobeba mapacha na kwa waliopata presha wakati wa ujauzito, na wanawake wenye asili ya Afrika huugua zaidi kuliko wengine. Mimi nilikuwa na yote matatu.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mama mwenye watoto wawili au watatu wa mkupuo mmoja ambaye mwili wake mwenyewe umeanza kumsumbua, iwe ni moyo, presha, figo, selimundu au kisukari. Ni kwa ajili ya wanaoishi naye pia, pengine wao zaidi.

1. Mapacha huuficha ugonjwa wa mama

Kila dalili niliyokuwa nayo ilikuwa na jibu lake tayari. Miguu imevimba? Ulibeba watoto wawili, maji yatashuka yenyewe. Nahema kwa kwenda uani na kurudi? Nani asiyechoka akinyonyesha wawili? Silali? Mapacha hawamlazi mtu. Nakohoa usiku? Ni baridi ya Julai, jifunike vizuri. Waliosema hayo wote walinipenda, na hakuna aliyesema uongo, maana mapacha huchosha kweli na miguu ya mzazi huvimba kweli. Hapo ndipo hatari ilipo. Mama wa mtoto mmoja akisema amechoka kupita kiasi, mtu humtazama mara mbili. Mama wa mapacha akisema hivyo, hupewa pole na mtoto wa pili wa kumbeba.

Tofauti niliiona usiku. Uchovu wa kulea hupungua ukiibia usingizi hata wa saa mbili. Huu wangu ulizidi nikilala. Nikijinyoosha chali, pumzi ilikata, nikalazimika kuketi. Mume wangu aliniegemezea mto mmoja ukutani, kisha wa pili, mwisho ikawa mitatu, nami nasinzia nikiwa nimekaa. Usiku wa manane nilikurupuka nikitafuta hewa na kukimbilia dirisha. Mchana nikibonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo lilibaki pale pale, na niliweza kuhesabu polepole kabla halijajaa.

Kituo cha kwanza tulichokwenda walisikia kikohozi, wakanitibu nimonia. Sikupata nafuu. Mahali pa pili tulimkuta tabibu kijana, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: “Mama, usiku unalalia mito mingapi?” Nilipomjibu, aliweka kalamu mezani. Akanitazama mishipa ya shingo, akanibonyeza miguu, akaniomba nilale chali kitandani, nikashindwa. Jioni ile ile nilikuwa hospitali ya rufaa. Picha ya moyo, kile kipimo wanachokiita eko, ilionyesha kwamba kwa kila pigo moyo wangu ulikuwa unatoa asilimia 30 ya damu iliyomo. Moyo wenye afya hutoa 55 au zaidi.

Swali la mito linastahili kuulizwa katika kila nyumba yenye mzazi, na halihitaji udaktari. Bibi anaweza kuliuliza, na jirani, na shangazi aliyekuja kuona watoto na kopo la maziwa mkononi. Anashindwa kulala chali? Anaamka akitafuta hewa? Miguu inavimba zaidi badala ya kunywea? Akisema ndiyo, watoto waachiwe mtu na yeye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

2. Mila ya uzazi hubaki, kinachodhuru hutolewa

Mama yangu alikuja kunilea uzazini kama alivyolelewa yeye. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanifunga tumbo kwa kanga, akanipikia uji wa pilipili manga na supu nzito ya kuku yenye chumvi ya kutosha, maana mzazi lazima arudishe nguvu. Siku nilipolazwa alikaa kwenye benchi la nje ya wodi akilia, kwa sababu mgeni mmoja alikuwa amemwambia kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoniua moyo.

Nilimweleza daktari jambo hilo mbele ya mama. Jibu lake nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, ugonjwa huu ulijulikana kwa wingi wake. Wazazi wa Kihausa hukogeshwa kwa maji ya moto sana, hulazwa penye joto na kunyweshwa uji uliotiwa kanwa, ambayo ni magadi. Kwa miaka mingi madaktari walidhani mila hiyo ndiyo chanzo. Tafiti za baadaye, zilizofanywa Kano, hazikuthibitisha hivyo. Lakini moyo ukishalegea, chumvi huvuta maji mwilini, na joto kali huulazimisha moyo kufanya kazi ambayo hauna nguvu ya kuifanya. Kwa hiyo mama hakunipa ugonjwa, ila supu yake ilikuwa inauzidishia moyo mzigo.

Mama alifuta machozi, akauliza, “Kwa hiyo nimkande kwa maji gani?” Ya uvuguvugu, akaambiwa, na mgonjwa akae, asilale. Supu aliendelea kupika. Alitoa chumvi, akaongeza ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na hata leo akija kwangu hupika hivyo. Nimeona nyumba ambamo agizo la daktari lilifikishwa kwa bibi kama hukumu, na bibi akaanza kupika kwa siri. Mlezi wa uzazi akiingia chumba cha daktari pamoja na mgonjwa, hakuna siri itakayohitajika.

3. Uliza kabla ya kuacha dawa, na uliza kabla ya kuacha kunyonyesha

Nilitoka wodini na mfuko wa dawa: ya kutoa maji, ya kutuliza mapigo ya moyo, na enalaprili ya kuupunguzia moyo mzigo. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshashauriwa na watu kadhaa kwamba dawa zote hizo zitapita kwenye maziwa na kuwaua watoto. Wengine walinishauri niache maziwa kabisa.

Ukweli una pande zaidi ya hizo mbili. Enalaprili ni miongoni mwa dawa ambazo mama anayenyonyesha huruhusiwa kutumia, ingawa kwa mtoto njiti katika wiki zake za mwanzo daktari huwa mwangalifu zaidi; ndiyo maana wangu aliniuliza uzito wa kila mtoto na umri wake kabla hajaandika chochote. Upande wa pili ni prolaktini, homoni inayoleta maziwa. Wanasayansi wamegundua kwamba katika ugonjwa huu homoni hiyo hukatika na kutoa kipande kinachodhuru mishipa midogo ya moyo. Mwaka 2010 jopo la Profesa Karen Sliwa, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, lilichapisha utafiti mdogo wa bromokriptini, dawa inayoizima prolaktini, na wagonjwa walioipata waliendelea vizuri zaidi. Lakini dawa hiyo hukausha maziwa. Mahali ambapo maji si salama na kopo la maziwa linamaliza mshahara, kukausha maziwa ya watoto njiti wawili ni uamuzi mzito, na madaktari wanalijua hilo.

Kwangu tulikubaliana hivi: mchana nanyonyesha, usiku watoto wanapewa maziwa ya kopo kwa kikombe, si kwa chupa, ili mimi nilale. Kwa mama mwingine daktari anaweza kuamua vinginevyo. Kitu ambacho siwezi kukubaliana nacho ni mama kumeza nusu ya dawa kwa hofu, au kuificha chini ya godoro, bila mtu aliyesomea kujua.

Na kikombe kile cha usiku hakikunipunguzia umama hata kidogo. Nayaandika haya kwa sababu niliambiwa kinyume chake na watu waliokuwa wamelala usingizi mnono usiku ule.

4. Daftari moja kwa watu watatu

Nilichukua daftari la shule la kurasa 96, nikalipiga mistari safu tatu: Kulwa, Doto, Mama. Ndani yake tuliandika nani amenyonya na saa ngapi, nani amepata choo, nani amepewa dawa. Wanangu wanafanana sawasawa, na usiku, kwa taa hafifu, mtu mwenye usingizi anaweza kumpa mmoja dawa ya homa mara mbili na mwenzake asipate kabisa. Mama alimpaka Kulwa hina kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kabla ya dawa yoyote, mguu kwanza.

Safu ya tatu ndiyo iliyoniokoa. Kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, nilipanda mizani na kuandika uzito. Mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, huo si unene, ni maji yanayojikusanya, na anatakiwa kumpigia daktari kabla pumzi haijakata. Iliwahi kutokea. Mume wangu aliiona namba kabla yangu, akapiga simu, dozi ya dawa ya maji ikapandishwa, na sikulazwa. Kama safu hiyo isingekuwepo, tungekuwa na kumbukumbu kamili za watoto, na mimi ningerudi wodini.

Mizani yetu ni ya kawaida, ya duka la vyombo. Si lazima iwe sahihi kabisa, mradi ni ile ile kila siku na imewekwa kwenye sakafu ngumu.

5. Msaada uwe na siku na kazi yake

“Ukihitaji chochote sema” ni maneno mazuri, na mgonjwa hayawezi. Hana nguvu ya kufikiria anahitaji nini, sembuse kwenda kumwambia mtu. Shemeji yangu ndiye aliyeligeuza jambo hili. Alikaa na wanawake wa kikoba chetu, akagawa kazi: mmoja anafua nepi Jumatano na Jumamosi, mwingine analeta mboga zilizokatwa tayari, wa tatu anashika watoto kuanzia adhuhuri hadi alasiri ili nilale. Hakuna aliyepewa kazi kubwa, ndiyo maana hakuna aliyechoka upesi.

Ndani ya nyumba tulipunguza kila kitu kinachohitaji kunyanyua. Ndoo ya maji sikuigusa tena. Maisha yote ya mchana yalihamia kwenye mkeka: nepi, beseni, vikombe, mito, watoto wenyewe, ili nisiiname na kuinuka mara mia. Tuliacha kuwaogesha wote kila siku. Leo Kulwa anaoga, Doto anapanguswa kwa kitambaa. Kesho kinyume chake. Walikua wasafi na wenye afya.

Mume wangu alichukua usiku. Alikuwa akienda kazini macho mekundu, na ndugu wa kiume walimuuliza maswali. Aliwajibu kwamba mke wake ni mgonjwa na watoto ni wake. Baba wengi wangependa kufanya hivyo, ila hawajaona mwingine akifanya.

6. Sheria inawatambua mapacha

Nafundisha shule binafsi, na kama wengi nilijua likizo ya uzazi ni siku 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inampa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja siku 100 zenye malipo. Likizo ya ugonjwa ni haki nyingine tofauti. Andika barua, ambatisha cheti cha daktari, baki na nakala. Wakati ule baba alipewa siku 3. Zilikuwa chache mno, na katika nyumba yenye mapacha na mama mgonjwa ziliisha kabla hajajua nepi zinawekwa wapi.

7. Panga mapema nani atalala wodini na mtoto

Watoto waliozaliwa wadogo huugua. Hakuna mama wa mapacha njiti anayekwepa hilo, na swali la kujibu kabla halijaja ni nani atakayelazwa pamoja na mtoto. Wodi zetu za watoto humtegemea mama: ndiye anayekaa usiku, anayekimbia maabara na duka la dawa, anayelala sakafuni chini ya kitanda. Mgonjwa wa moyo asiyeweza kulala chali hafai kulala sakafuni.

Sisi tulimpanga mama yangu mdogo. Kadi za kliniki za watoto wote wawili, nguo, kikombe na chupa ya chai vilikaa kwenye mkoba mmoja nyuma ya mlango. Doto alipopata nimonia alitoka na mama mdogo kwa bajaji, na mimi nikabaki na Kulwa. Nesi wa zamu aliuliza kwa ukali mama wa mtoto yuko wapi. Mama mdogo akamwonyesha karatasi yangu ya hospitali, tuliyokuwa tumeitia humo humo mkobani, na ukali ukaisha.

Kifua cha baba nacho kinafaa. Watoto wangu walipokuwa bado hawajafika kilo mbili na nusu walilelewa kwa kangaruu, ngozi kwa ngozi. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali zilizoshiriki utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021. Ulionyesha kwamba kumweka mtoto mdogo kifuani mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa karibu robo. Mimi nilipolazwa, baba yao alivua shati, akamfunga mmoja kwa kanga yangu, na bibi akamfunga wa pili. Hawakupungua hata gramu.

8. Hofu nayo iandikwe kwenye daftari

Niliogopa kufunga macho. Nilihesabu umri ambao watoto wangenikumbuka iwapo ningekufa, na sikumwambia mtu, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kutoa hongera. Nesi wa kliniki ya moyo ndiye aliyeniuliza kama nalia bila sababu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunihimiza niwe na imani, jambo ambalo wengine wote walinihimiza. Imani ninayo, na nilisali sana. Nilihitaji pia mtu wa kumwambia kwamba naogopa. Mzazi mwenye ugonjwa mkubwa anaweza kupata sonona, na sonona inatibika. Mume au dada akiona mama hawatazami watoto, au hatamani chakula wala mazungumzo, amwambie daktari kwenye ziara ile ile ya moyo.

9. Swali la Shija lijibiwe na mume

Kwa Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Kwa hiyo mapacha walipoanza kutembea, kila aliyetoka Shinyanga aliuliza Shija yuko wapi, na aliuliza kwa upendo. Wengi wanaougua ugonjwa huu hupona, baadhi ndani ya miezi sita, wengine baada ya muda mrefu zaidi. Lakini ujauzito mwingine unaweza kuurudisha, na kwa ambaye moyo wake haujapona sawasawa unaweza kumuua. Dawa zenyewe, kama enalaprili, humdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana uzazi wa mpango ni sehemu ya matibabu ya moyo, na si kila njia inafaa: vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo daktari alinielekeza kwenye kitanzi au kipandikizi.

Mimi mkwe siwezi kumwambia mama mkwe wangu maneno hayo akanielewa. Ningeonekana nimemkatalia mwanawe watoto. Mume wangu alipanda basi mwenyewe, akaenda akamweleza mama yake kwa Kisukuma, akiwa na majibu ya eko mkononi ingawa mama yake hasomi. Mama mkwe alisikiliza, akauliza kama ninapata usingizi, akauliza dawa zinauzwa bei gani. Tangu hapo yeye ndiye huwajibu wanaouliza, na hutuma mchele na karanga kila msimu.

Kulwa na Doto sasa wanasoma chekechea, na wamejifunza kuniletea kikombe cha maji saa mbili usiku, wakati wa vidonge. Eko ya mwisho, niliyopigwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ilisoma asilimia 52. Daktari amesema dawa ziendelee na mizani iendelee, na ameniandikia tarehe ya kurudi.